Kinachokula Dizeli

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta unakanyaga miguu yote miwili na lile goti limekuacha upumue. Sisi huku hatujambo. Mama macho yake yanazidi kufifia. Siku hizi ananitambua kwa hatua, si kwa sura, na barua zako ni mimi ninayemsomea. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, anakataa kucheka mbele za watu. Mama anakusalimu. Anasema umekuwa mgeni, mwaka wa pili huu hujakanyaga kwake.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Mwezi uliopita nilipewa gari jingine, kichwa na tela. Madereva wenzangu wanaliita Bi Kiu, na nilipouliza kwa nini, walicheka wakaniambia nitajua mwenyewe. Nimejua. Kwenda kiwanda cha saruji na kurudi ni kilomita elfu moja kasoro kidogo. Magari ya aina ile ile, kwa mzigo ule ule, yanatumia lita mia nne na hamsini, yakizidi sana mia nne na themanini. Bi Kiu safari ya kwanza alikunywa mia sita na kumi. Ya pili mia sita na tano.

Kwenye mlango wa meneja wa yadi, yule tunayemwita Darubini kwa kuwa hakuna kinachompita, kuna ubao. Kila dereva ameandikwa na lita zake, na aliyezidi anaandikwa kwa chaki nyekundu. Dereva aliyekuwa na Bi Kiu kabla yangu aliandikwa kwa nyekundu safari tatu. Ya nne walimsubiri getini na askari wawili. Walisema anafyonza dizeli na kuiuza njiani. Aliapa mpaka sauti ikamkauka. Wiki iliyofuata mkewe alikuja kuchukua koti la mumewe lililokuwa limetundikwa chumba cha madereva. Mimi sijafyonza hata kijiko, mjomba, lakini hata yeye nadhani hakufyonza. Tena mimi ndiye dereva mwanamke peke yangu pale. Wapo wanaosubiri nianguke ili waseme walisema.

Mama ameniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kwamba hata gari alilokuwa akiendesha marehemu baba liliwahi kunywa vibaya, watu wakaanza kumnyooshea kidole, na wewe ukalitibu kwa siku moja. Ndipo wakakubandika jina la Fundi Tone. Ulifanya nini? Niandikie hatua kwa hatua, kama unavyomfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Njia yangu inapita kwenye teremko lile lile lililomuua baba, na hofu moja inanitosha.

Mpwa wako

*

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijapona ila tumezoeana. Kuku wa jirani wamehamia kwenye matairi yangu mabovu nyuma ya gereji, wanataga humo, na jirani anakuja kila asubuhi kudai mayai kana kwamba ameyataga yeye. Mwambie dada yangu nitakuja mvua zikipungua. Mwambie na huyo kibogoyo wetu kwamba mimi nacheka mbele za watu na nimebakiwa na meno machache kuliko yake.

Injini ya dizeli ni kama mtu, inavuta pumzi na inakula. Anza na pumzi. Toa chujio la hewa ulitazame juani. Usipoona mwanga upande wa pili, litupe, weka jipya. Usikubali walipulize kwa kompresa wakuambie limesafishika, wanatoboa karatasi yake. Kisha washa injini, mtu akanyage mafuta, wewe upake povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba ya tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Povu likipulizwa, hapo upepo unavuja, na dizeli inaungua bila hewa ya kutosha.

Baada ya hapo tazama chakula. Ukipanda mlima na moshi ukawa mweusi kama masizi ya sufuria, nozeli zinazoingiza dizeli kwenye injini zinachuruzika badala ya kunyunyiza. Zing'olewe zote sita zikapimwe kwenye mashine, siyo kwa macho ya mtu. Waangalie na taimingi ya pampu, kama inarusha dizeli kwa wakati wake. Matairi yapime asubuhi yakiwa baridi, mpaka yale ya ndani ambayo madereva mnayapiga teke tu mkaondoka zenu. Mwisho ni mguu wako. Badili gia mapema, usisubiri injini ipige kelele. Na usiiache inanguruma huku unakunywa chai. Saa moja ya namna hiyo ni lita tatu zimekwenda bure.

La gari la marehemu shemeji ni la zamani. Sikumbuki vizuri nilichofanya.

Mjomba wako

*

11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya mama na alicheka sana kuhusu mayai. Mjukuu wako naye alicheka, akasahau kuziba mdomo.

Nimefanya yote. Chujio lilikuwa limeziba hata jua halikupita. Nozeli mbili kati ya sita zilikuwa zinachuruzika, na matairi manne ya ndani yalikuwa nusu upepo. Moshi mweusi umekwisha na gari linapanda vizuri kuliko zamani. Lita zimeshuka kutoka mia sita na kumi hadi mia tano na sitini. Nilidhani nitapongezwa. Darubini akachukua chaki nyekundu ile ile, akaandika mia tano na sitini, akaniambia bila kunitazama, "Bado safari moja."

Kuna kitu kingine na nataka unijibu hiki. Nikiwa tambarare nikaachia mafuta, gari haliendi kwa kasi yake kama mengine. Linasimama upesi, kama kuna mtu amelishika kwa nyuma. Juzi kwenye foleni ya mizani nilisikia harufu ya nguo inayoungua. Dereva mwenzangu alinitemea mate kwenye ngoma ya breki ya tela, ekseli ya pili, yakachemka hapo hapo. Na sikuwa nimekanyaga breki kwa kilomita ishirini. Akasema breki haziachii, ndizo zinazokula dizeli yako. Ni kweli? Na kama ni kweli, dawa yake nini? Katika barua yako hukuandika hata neno moja juu ya breki, na wewe si mtu wa kusahau.

Mama anauliza tena juu ya gari la baba. Anasema siku ile ulishinda chini ya tela na ulitoka mweusi mwili mzima. Yeye anakumbuka. Iweje wewe usikumbuke?

Naogopa, mjomba. Kila nikiingia getini natazama kwanza kama kuna askari.

Mpwa wako

*

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, sikuwa sawa. Hakuna cha kutisha.

Nimeifikiria hali yako na ushauri wangu ni mmoja, liache gari hilo. Omba jingine. Wakikunyima, omba kazi ya ofisini, hata ya kupokea simu. Hujazaliwa na usukani mkononi.

Tela usiliguse, wala usimruhusu mtu aliguse. Msalimie dada yangu. Usimsomee hii.

Mjomba wako

*

6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijaona jibu lako, labda tutapishana njiani. Nakuandikia kwa haraka kwa sababu nina furaha na huku hakuna wa kumwambia akaelewa.

Yamekwisha. Fundi mkuu wetu aliitwa na Darubini, wakanong'onezana, kisha fundi akaingia chini ya tela na spana moja tu. Alikaa humo kama saa nzima, akatoka anajifuta mikono, akaniambia, "Sasa nenda, utaniombea dua." Mjomba, gari linateleza kama baiskeli. Nikiachia mafuta tambarare linaendelea lenyewe mpaka naona haya. Nimerudi na lita mia nne na sitini na tano. Darubini alifuta nyekundu kwa kiganja chake mwenyewe akaandika kwa chaki nyeupe, na wale waliokuwa wakisubiri nianguke walinipigia makofi.

Teremko tuliliteremka polepole. Kulikuwa na mvua na nilikuwa nyuma ya lori la magogo lililotambaa mpaka chini, basi sikuona tabu yoyote.

Safari ijayo ni tarehe 20. Nimemwambia mama kwamba safari hii sitahitaji Fundi Tone, tumempata wa kwetu. Alicheka. Usikasirike.

Mpwa wako

*

15 Mei

Mwanangu,

Usiteremke na tela hilo likiwa na mzigo. Kabla ya tarehe 20 mwambie mtu mwingine, asiwe fundi huyo, apime breki za kila gurudumu la tela. Wakikukatalia, kataa kuendesha. Wakikuita mwizi, waache wakuite.

Usiniulize nimejuaje. Barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi, posta itachelewa.

Mjomba wako

*

29 Mei

Mjomba,

Niko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta.

Barua uliyompa dereva wa basi nimeipata tarehe 23. Basi lilikuwa limeharibika njiani siku tano. Ile ya mwezi wa nne niliipata siku chache baada ya kukuandikia, nikaisoma mara moja, nikasema mjomba amezeeka, nikaiweka kando.

Tarehe 20 saa nane mchana niliingia kwenye teremko na saruji tani thelathini. Jua lilikuwa kali, lami imelainika, na mbele yangu hapakuwa na lori hata moja. Niliweka gia ya nne na ile breki ya injini, kama ninavyofanya siku zote. Kona ya kwanza nilikanyaga breki, gari likasikia. Kona ya pili likasikia kidogo. Baada ya hapo nikaanza kuhisi tela linanisukuma. Unajua wewe hisia hiyo? Kama mtu mzito amekuegemea mgongoni na hataki kuondoka. Nikakanyaga zaidi. Upepo wa breki ulifoka, mshale wa kipimo chake ukashuka, lakini gari halikupungua. Nikatazama kwenye kioo, nikaona moshi unatoka kwenye magurudumu ya kichwa. Kwenye tela hakuna moshi hata kidogo. Nikaelewa kwamba kichwa peke yake ndicho kinachoshika na tela limekaa tu, linakuja.

Nilitaka kushusha gia. Sikuthubutu, maana ikikataa kuingia ningebaki bila gia yoyote. Sikupiga kelele wala sikulia. Nilikuwa nahesabu kona kwa sauti, sijui kwa nini, na kila namba ilitoka na sauti ya mtu nisiyemjua. Kona ya tano nilipita upande usio wangu. Kama kungekuwa na gari linapanda, leo barua hii ingeandikwa na mwingine.

Chini ya kona ya sita mafundi wa barabara walikuwa wamemwaga lundo la kokoto kando ya ukuta wa mlima. Mwanamke mmoja mwenye kibendera chekundu alikuwa amesimama mbele yake. Nilipiga honi nikaushikilia usukani kushoto. Alitupa kibendera akakimbia. Gari lilikwaruza ukuta mita nyingi, likapanda kokoto, tela likalala ubavu, na mifuko ikapasuka. Sikuona kitu kwa sababu ya vumbi la saruji. Nilidhani ndiyo nimekufa, kwamba ndivyo kunavyokuwa, kweupe na kimya.

Yule mwanamke ndiye aliyenifungulia mlango. Nilishuka hatua moja nikaishia hapo. Akanishika mkono tukakaa pale kwenye ngazi ya gari, akaanza kunipangusa saruji machoni kwa ncha ya kitambaa chake.

Mama nimemwambia nilikwaruza gari yadini.

Sasa mjomba, nakuuliza mara ya tatu na sitaki salamu wala habari za kuku. Uliniandikia tela lisiguswe. Ulijua. Ulijuaje?

Mpwa wako

*

10 Julai

Mjomba,

Wiki sita na hujajibu. Nilimtuma mtu apite kwako, ameniambia uko mzima na umekaa mlangoni.

Nimesimamishwa kazi. Fundi mkuu ameapa kwamba hakugusa breki. Mkaguzi wa barabara ameandika kwamba hakuna alama za matairi kwenye lami, hivyo dereva hakukanyaga breki, hivyo dereva alisinzia. Nitaitwa kujieleza tarehe 30. Wakiamini hivyo, leseni yangu inakwenda, na huenda na mimi nikaenda jela. Mabaki ya gari yamefungiwa yadini, na mwenye ufunguo ni fundi yule yule.

Sikusinzia. Nilikuwa macho kuliko nilivyowahi kuwa.

Kama una la kusema, liseme sasa.

Mpwa wako

*

18 Julai

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye neno kusinzia nilikaa chini. Isome hii peke yako kwanza.

Mwaka ule gari la baba yako lilikunywa kama lako. Mwenye magari alikuwa ameanza kusema atamfikisha polisi. Nikaangalia pumzi na chakula, kama nilivyokufundisha, lita zikapungua kidogo tu. Nikashika ngoma za tela baada ya safari, mbili zilikuwa moto. Breki haziachii. Dawa yake ya haki ni kufungua magurudumu, kusafisha mihimili inayosukuma zile breki shuu, vipande vinavyobana ngoma kwa ndani, kuweka springi mpya za kuzirudisha, kisha kukaza kwa kipimo. Kazi ya siku tatu. Mwenye gari alinipa siku moja.

Nikaingia chini na spana. Kila gurudumu nikalilegeza breki, bovu na zima, ili pasiwe na kinachogusa. Gari likateleza kama baiskeli. Hayo maneno yako niliyasoma tarehe 14 Mei nikahisi mtu amenimwagia maji ya baridi. Baba yako hakujua. Alidhani nimetengeneza. Alinishika bega mbele ya watu akasema, shemeji huyu hata tone hamwagi. Jina likatoka hapo. Miaka ishirini na mitatu watu wananiita kwa jina hilo, na kila wakiita nasikia sauti yake.

Breki zilizolegezwa zinashika vizuri tu zikiwa baridi, zikiwa na mvua, nyuma ya lori la magogo. Lakini ngoma ikipata moto inatanuka, inaikimbia ile breki shuu, na yenyewe haina tena urefu wa kuifikia. Wewe umeyaona. Yeye aliyaona wiki tatu baada ya mimi kumsaidia, na kwake hapakuwa na kokoto.

Kuna kibaya zaidi. Mimi ndiye niliyetumwa na winchi kuvuta mabaki. Mkaguzi alikuwa hajafika. Niliona yote vile nilivyoyaacha. Nikaingia chini kwa mara nyingine na spana ile ile, nikakaza breki za kila gurudumu. Mkaguzi alipofika akakuta breki zimekazwa kama inavyotakiwa, na kwenye lami hakuna alama. Akaandika kwamba dereva alilala. Nilikuwa nimesimama karibu naye wakati anaandika. Ningeweza kumgusa mkono.

Ulipoandika mara ya kwanza ningekuambia hapo hapo, shika ngoma zako, ile yenye moto ndiyo inayokula dizeli, isafishwe, isilegezwe. Maneno machache. Nikakuandikia kila kitu cha kwenye gari ila hicho, kwa sababu nilijua nikiandika neno breki mkono hautasimama hapo. Kwa ajili ya hofu yangu nilikuacha uende kwa mtu wa aina yangu.

Tarehe 30 nitakuwepo. Kabla ya hapo, siku hii hii ukiisoma, mwambie mkaguzi aweke askari kwenye mabaki na apime breki za tela fundi asipokuwepo. Akizikuta zimekazwa, atazame nyuzi za ile skrubu ya kukazia. Ikiguswa karibuni, kutu yake inakuwa imekwanguka na chuma kinang'aa. Mimi nilipakaa grisi na matope. Huenda mwenzangu hakufikiria. Barua hii mwonyeshe yeyote anayetaka kuisoma.

Kuhusu dada yangu, sijui. Amua wewe. Mimi nimeshindwa kuamua miaka yote hii.

Mjomba wako

*

9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Neno hilo nimekaa nalo siku tatu kabla ya kuliandika.

Siku ile ya kujieleza uliondoka kabla sijatoka ndani, na walioko nje waliniambia ulipita getini ukishikilia ukuta. Basi nikueleze ulichokiacha. Walizikuta breki zimekazwa, zote, na skrubu zinang'aa kama sarafu mpya. Fundi mkuu alipoulizwa alisema aliagizwa na meneja kuzilegeza, na meneja huyo huyo ndiye aliyemwagiza azikaze baada ya ajali. Darubini akasema hajui hata spana inashikwaje. Wote wawili hawapo tena yadini. Leseni yangu nimerudishiwa. Mkaguzi alisema kama usingesimama kueleza namna inavyofanyika, yeye angeangalia lami tu akamaliza.

Nimepewa gari jingine. Kabla sijalipokea nilitaka magurudumu ya tela yafunguliwe mbele yangu, springi ziwe mpya, zikazwe kwa kipimo. Siku tatu, kama ulivyosema. Linatumia mia nne na sabini na tano. Ubao umeondolewa mlangoni, lakini mimi bado natazama pale kila nikiingia. Nimeteremka mara moja. Nilisimama juu, nikashuka, nikagusa kila ngoma kwa mkono, nikapanda tena, na nilipofika chini shati lilikuwa limeloa mpaka mkandani. Sijui kama itaisha.

Barua yako nimemsomea mama.

Sikuruka kitu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, mikono mapajani. Nilisoma mpaka mwisho. Kisha akaniambia nirudie pale kwenye mkaguzi na alama za lami. Nikarudia.

Akauliza, "Kwa hiyo hakulala?"

Nikamwambia hakulala, mama. Alikuwa macho mpaka mwisho.

Ndipo akaanza kusema, na alisema akiwa ameelekea dirishani. Wiki ile mimi nilikuwa na homa, siku mbili mfululizo walipokezana kunibeba. Siku ya safari baba alimwomba amwache ajilaze saa moja tu kabla ya kutoka. Mama akakataa, akamtoa kitandani kwa mkono wake, kwa sababu aliogopa ataandikwa amechelewa. Alipoambiwa kwamba mumewe alisinzia kwenye usukani hakushangaa hata kidogo. Alijua ni nani aliyemnyima usingizi. Hakumwambia mtu, mjomba. Hata wewe, kaka yake, uliyekuwa unakuja kumfariji, unakaa naye kwenye mkeka huo huo, unajua, na unamtazama.

Nilimuuliza nikuandikie nini. 

"Mwandikie alinikuta nimebeba mzigo wake akaniacha niubebe," akasema. "Mwandikie aje. Asitume barua tena. Aje akae hapa mbele yangu anieleze kwa mdomo wake, mimi simwoni, hana haja ya kuogopa uso wangu."

Sijui amekusudia nini, na sauti yake haikuniambia. Amemwambia mjukuu wako atoe kiti kingine, akiweke mkabala na chake, na tangu jana hataki kisogezwe.

Mimi nina hasira nawe, tena nyingi, na nimehesabu kona zile kwa sababu yako. Ila nipo hai pia kwa sababu ulisimama mbele ya watu. Sijajua nitaviweka pamoja vipi. Alhamisi nateremka tena. Nikifika salama, Jumamosi asubuhi nitakuwa stendi, upande wanaposhushia mizigo. Njoo.

Mpwa wako